Fagio la Magurudumu

Mkunga na Fundi Saa walioana wakiwa wote wameshakula chumvi nyingi. Mkunga alikuwa amestaafu wodi ya wazazi, mjane wa siku nyingi ambaye watoto wake walishaondoka na kuanza maisha yao. Bwana alikuwa bado na kibanda chake cha kutengeneza saa, na alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Ndugu wa pande zote mbili walifurahi. Hata dada yake Fundi Saa, mwenye saluni na mdomo usiofungwa hata akila, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio, alisema siku ya ndoa kwamba sasa kaka yake amepata mtu wa kumwambia "kula" naye akala.

Mkunga alihamia kwa mumewe na masanduku mawili na mto wake wa kulalia, maana hakuwahi kupata usingizi kwenye mto wa mwingine. Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye dari ya juu na jiko ambalo dirisha lake lilitazama mbele. Na mbele palikuwa na uwanja mpana wa nyasi, uliozungushiwa ukuta wa kufika kifuani. Njia ya saruji ilitoka getini hadi mlangoni, na pande zake zote mbili ilisimama miti mikubwa ya kivuli, ya majani mapana kama kiganja. Kiangazi miti ile ilipukutisha majani kana kwamba imeapa kubaki uchi.

Kila alasiri Fundi Saa aliporudi kutoka kibandani hakuingia ndani. Alimsalimu mkewe kupitia dirishani, akatundika koti kwenye tawi, akachukua reki nyuma ya tangi la maji, akaanza kufagia. Mkunga akiosha vyombo alimtazama, na siku za mwanzo alicheka kimoyomoyo, kwa sababu mumewe hakufagia kama watu wanavyofagia. Alivuta majani kidogo, akainama, akayainua kwa mkono, akachungulia chini yake. Akavuta tena kidogo. Akainama tena. Na siku zote alianzia mahali pale pale, kushoto kwa njia, chini ya mti mkubwa kuliko yote. Mkunga alipotoka na kikombe cha chai, pale palikuwa pameshakuwa peupe.

"Unatafuta nini, mume wangu?" alimuuliza siku moja.

"Majani."

"Majani si hayo juu unayaona?"

"Na ya chini ni majani vilevile."

Mkunga aliliacha. Mtu aliyemaliza macho yake akitafuta skrubu ndogo kuliko chawa, akajisemea, hata peponi atainama kutafuta.

Kiangazi hicho hicho kifua kilimbana Fundi Saa akiwa ameshika reki. Mkunga alimkuta ameegemea mti, midomo imekuwa rangi ya jivu, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa maji. Hospitali walimlaza, wakampima, wakampa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Daktari, binti mdogo aliyesema taratibu ili asirudie, aliwaambia ni moyo. Asibebe. Asiiname. Reki aisahau.

"Tutatafuta mtu wa kufagia," Mkunga alisema wakirudi.

"Mtu wa nje haingii kwenye uwanja wangu."

"Basi nitafagia mimi."

Alijaribu. Lakini kiuno chake, kilichoinama kupokea nusu ya watoto wa mji ule, hakikuwa tena na deni la kuinama kwa ajili ya majani. Kesho yake alishuka kitandani kwa kujiviringisha kama gogo. Na alipochungulia dirishani alasiri, alimkuta mgonjwa wake ameshika reki tena, anavuta, anainama, anachungulia, mkono mmoja umeshika kifua.

Ndipo Mkunga alipovaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwenye duka la zana.

Mwenye duka walimwita Garantii, kwa kuwa hakuna alichouza, hata msumari, bila kutamka neno hilo la dhamana. Alimwonyesha mashine iliyokuwa nyuma ya madumu ya rangi: magurudumu mawili, brashi ndefu za duara katikati yake, mpini wa kusukuma, na nyuma mfuko mpana wa turubai uliokaa wazi kama mdomo.

"Hii haina injini, mama. Haili mafuta wala umeme. Wewe unasukuma tu, magurudumu yanazungusha brashi, brashi zinarusha majani mfukoni. Hamna kuinama. Garantii."

"Vijiti je?"

"Vijiti vikubwa utaokota kwanza, nisikudanganye."

"Na majani yakilowa?"

"Hapo itanung'unika kidogo. Subiri jua."

Mkunga aliuliza bei, akatajiwa. Haikuwa bei ya fagio. Kwa kiasi kile mtu angeweza kununua jiko jipya, na lile la nyumbani lilikuwa limeshaanza kuchagua siku za kuwaka. Garantii alimsoma usoni, akapunguza sauti.

"Mama, wewe ndiye uliyempokea kitinda mimba wangu. Ichukue wiki hii ukaijaribu. Ikikufaa, njoo tuzungumze. Isipokufaa, nirudishie ikiwa safi, na mimi na wewe tutabaki kusalimiana."

Kwa hiyo mashine ilipanda toroli, ikafika nyumbani. Fundi Saa alisimama mlangoni kuitazama ikiingia getini, na uso wake ulifungika kama duka.

"Hiyo hapana."

"Hujaiona ikifanya kazi."

"Nimeiona. Inameza."

"Si ndiyo kazi yake? Imeze majani, wewe upumzike."

"Inameza kabla mtu hajaona," alisema, akageuka, akaingia ndani. Usiku walikula kila mmoja na sahani yake na mawazo yake. Lakini asubuhi, kabla hajaondoka kwenda kibandani, alisema bila kumtazama mkewe, "Kama ni lazima uijaribu, ijaribu. Ila kwanza uangalie."

"Niangalie nini?"

Alishaondoka.

Mkunga alisubiri jua likaushe umande. Akaanzia karibu na geti. Mwanzoni mashine ilimwendesha yeye badala ya yeye kuiendesha, lakini alipopata kimo cha brashi, akatabasamu peke yake. Ilikuwa kazi tamu. Majani yaliruka mfukoni kwa sauti kama ya mvua juu ya turubai, na nyuma yake ulibaki mstari wa nyasi safi, kama kichwa kilichopitiwa na wembe. Mfuko ulijaa upesi kuliko alivyodhani. Aliukokota nyuma ya nyumba, akaumwaga shimoni, akarudi. Kiuno kimya. Akaanza kupanga maneno atakayomwambia mumewe.

Aliuacha mti mkubwa mwisho.

Chini yake majani yalikuwa yamelala tofauti na kwingine. Hayakutawanyika. Yalikuwa yamekusanyika kwa urefu, huku mapana, kule membamba, yamejipinda katikati. Mkunga hakuwaza sana. Upepo una michezo yake. Akapitisha mashine. Ikawa nzito kidogo, halafu ikapita, na mahali pakawa peupe. Akaenda kumwaga.

Aliporudi, majani yalikuwa pale.

Alisimama na mfuko mtupu mkononi. Akatazama juu: matawi hayakutikisika. Akatazama kamba ya nguo: shuka lilining'inia wima kama ukuta. "Haya," akasema kwa sauti, kama anavyomwambia mtoto mkaidi, akapitisha mashine mara ya pili. Safari hii ilikuwa nzito kama kitanda cha wodi chenye mgonjwa. Alimwaga, akaingia ndani, akanywa maji, akakaa kwenye kiti cha jikoni mgongo umeelekea dirisha. Kisha akajicheka, akageuka.

Yalikuwa yamerudi. Na kutoka pale dirishani, kwa mbali kidogo na kwa juu, aliona ambacho hakukiona akiwa karibu. Kichwa. Bega. Nyonga. Magoti yaliyokunjwa kuja tumboni. Mkono mmoja umewekwa chini ya shavu. Maisha yake yote Mkunga alikuwa amewalaza wanawake kwa ubavu wa kushoto, hivyo hivyo, ili wapumue vizuri. Aliujua ulalo ule kama anavyoujua mlango wa nyumba yake.

Hakutoka tena.

Fundi Saa alirudi alasiri, akasukuma geti, akauona uwanja wote mweupe na majani yale yamelala peke yake chini ya mti. Mfuko wake wa vyombo ulianguka. Alipiga magoti, yeye aliyekatazwa kuinama, akayafukua majani kwa mikono yote miwili, akayatupa huku na huku mpaka akafika kwenye nyasi. Hapakuwa na kitu. Halafu akainuka, akauendea mfuko wa mashine, akaukung'uta, akaingiza mkono mpaka begani akipapasa.

"Uliangalia?" alimuuliza Mkunga, aliyekuwa amemkimbilia na kidonge. "Kabla ya kupitisha, uliangalia?"

"Kuna nini cha kuangalia? Niambie basi. Mimi mkeo."

Fundi Saa aliweka kidonge chini ya ulimi, akafumba macho.

Asubuhi iliyofuata Mkunga alikwenda saluni kwa Redio. Palikuwa na harufu ya mafuta ya nywele na nywele zilizoungua. Wateja wawili walikuwa wamekaa chini ya makofia ya kukaushia, wamefumba macho kama waliolazwa, na Redio akimsuka wa tatu huku akieleza ndoa ya mtu fulani ilivyovunjika kwa sababu ya mbuzi. Mkunga alisubiri amalize.

"Wifi," akasema, "nieleze habari za pale chini ya mti."

Vidole vya Redio vilisimama kwenye nywele. Mkunga alikuwa hajawahi kuona vidole vile vikisimama. Redio alimwomba mteja radhi, akamvuta wifi yake chumba cha nyuma, kwenye ndoo za taulo, akafunga mlango.

"Nani kakwambia?"

"Hajaniambia mtu. Wewe ndiye utaniambia."

"Mimi wananiita Redio," alisema, na macho yake yalishalowa, "lakini hii sijaitangaza popote. Hata mume wangu haijui. Tulisema marehemu alifia kitandani. Hakufia kitandani."

Akasimulia. Ilikuwa kiangazi. Marehemu alibaki nyumbani peke yake, akatoka kuokota majani. Lilimpata lililompata, damu ichemke au moyo usimame, akalala pale chini ya mti. Na miti ikaendelea na kazi yake. Kaka alirudi alasiri. Alipita njia ile ile ya saruji, hatua chache kutoka pale alipo mkewe. Aliona majani yamejaa, akanung'unika kwamba leo hajafagia. Akaingia ndani. Akaita. Akadhani amekwenda kwa jirani. Akapasha chakula, akala, akasikiliza habari. Halafu akasema ngoja nimsaidie mwenzangu, akachukua reki.

"Reki ndiyo iliyomkuta," Redio alisema. "Meno yalinasa sweta. Alivuta, wifi. Alidhani ni mzizi, akavuta kwa nguvu."

Mkunga alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Daktari alisema ilikuwa imekwisha saa nyingi," Redio aliendelea. "Kaka hakusadiki. Alisema alimgusa, akamkuta na joto. Mpaka leo anaamini alipopita njiani mwenzake alikuwa hai, anamwona anapita. Tukaogopa maneno ya watu. Watu wangesema huyu ni mume gani, anamruka mkewe kama jani?"

Mtu alibisha mlango akiuliza kama nywele zake zimeshakauka. Redio alijifuta macho kwa taulo, akatoka, na sauti yake ikarudi juu kama kawaida, ila ile habari ya mbuzi hakuimalizia.

Mkunga alirudi nyumbani taratibu. Jua lilikuwa limepanda, barabara tupu, na mahali fulani mtu aligonga bati, akanyamaza, akagonga tena. Alifungua geti. Majani yalikuwa pale, kama alivyojua yatakuwa.

Aliweka mkoba njiani, akaenda, akapiga magoti. Kwa karibu yalikuwa majani tu: makavu, mengine yametobolewa na wadudu, jingine lina konokono. Akapitisha mikono yake chini, mpaka kwenye nyasi, kama anavyopitisha chini ya mgongo wa mgonjwa anapotaka kumgeuza.

Nyasi zilikuwa na joto.

Akatoa mkono, akagusa nyasi za pembeni, kivulini hapo hapo. Baridi. Akarudisha mkono. Joto lile hakulikosea. Ni la shuka ambalo mtu ameliacha sasa hivi. Na alipokuwa ameinama hivyo, pumzi yake mwenyewe ameibana, aliyaona majani ya juu yakiinuka. Kidogo tu. Yakashuka. Yakainuka. Hayakuwa na haraka. Kazi ya miaka mingi ilimfanya asikilize kabla ya kuogopa, na alichosikia ni mkwaruzo mwembamba wa jani juu ya jani, unaokuja na kwenda.

Nywele zilimsimama mikononi. Lakini hakuinuka.

"Dada," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto, "mimi ndiye niliyekuja nyuma yako. Sikujua kama uko hapa. Ningejua nisingekupitishia chuma. Unisamehe."

Majani yalitulia. Hakujua kama hilo ni jibu. Alikaa pale hadi miguu ikamfa ganzi, na ndivyo mumewe alivyomkuta.

Fundi Saa hakuuliza. Aliketi njiani kwenye saruji, kofia mapajani.

"Redio kaniambia," Mkunga alisema.

"Najua. Kanipigia simu analia."

Jani likaanguka kati yao.

"Sikiliza, mume wangu. Wamenifia wengi, nimewaosha wengi. Mwili ukifunikwa hukaa na joto muda mrefu. Nguo, blanketi, majani, yote sawa. Joto si uhai. Ulipopita njiani alikuwa ameshakwenda. Nakuapia kwa kazi yangu."

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama anavyotazama saa iliyoletwa ikiwa imesimama bila kosa.

"Na hapa je?" akauliza. "Ulipoweka mkono hapa, palikuwaje?"

Mkunga angeweza kudanganya. Wakunga hudanganya mara nyingi, na kwa nia njema. Akashindwa.

"Pana joto."

"Kila alasiri," Fundi Saa alisema. "Ndiyo maana sitaki mashine. Nikishika reki, naona jani moja moja. Naona kwamba si yeye. Kisha naweza kuingia ndani na kula. Sasa hiyo mashine inameza tu. Nitajuaje?"

"Na reki itakuua. Halafu majani yatalala pale ya watu wawili, na mimi nitakuwa wa kufukua wote."

Alisema kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyomfanya alie. Alilia kwa kelele, jirani asikie akitaka. Fundi Saa akasogea, akamshika bega, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alilitaja jina la marehemu mbele yake, akiongea na majani. Alimwambia alikuwa na njaa siku ile. Alimwambia alidhani yuko kwa jirani. Alimwambia chakula kilikuwa kizuri na alikila chote, na tangu siku ile hakuna chakula kilichopita kooni bila kukwaruza.

Walipotulia, Mkunga akatoa hukumu yake, kama alivyokuwa akiitoa wodini.

"Uwanja wote, mashine. Hapa, mikono yangu. Nitaketi chini, sitainama. Nitaangalia jani moja moja kwa niaba yako, na nitakuja kukuambia. Wewe sukuma mashine kwingine, daktari hakukataza kusukuma kitu chepesi. Ukifika hapa, zunguka."

"Ukiona kitu?"

"Nitakuita."

Siku iliyofuata wakafanya hivyo. Fundi Saa alishika mpini kama anayeshika mkia wa mnyama, akasukuma. Alikunja uso brashi zilipokwama kwenye kijiti. Lakini yeye ni fundi: alipindua mashine, akakichomoa, akatazama meno ya gurudumu, na Mkunga akasikia akiguna kwa namna ya mtu aliyevutiwa asiyetaka kukiri. Alasiri ikapita. Mti mkubwa aliuzunguka kwa mbali. Chini yake Mkunga aliketi miguu ameinyoosha, akiokota majani na kuyaweka kwenye beseni, akiongea kwa sauti ndogo. Aliongea habari za kawaida, bei ya sabuni, dada yake Fundi Saa na kisa chake cha mbuzi. Alipofika kwenye nyasi aligeuka, akasema, "Hamna kitu, mume wangu. Ni nyasi," naye mumewe akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kula.

Wiki ilipokwisha, Mkunga alirudi dukani.

"Imefaa?" Garantii aliuliza.

"Mfuko wake mdogo, ulinidanganya. Vijiti vinaitesa. Majani mabichi inayasokota badala ya kuyachukua. Na ukutani haifiki, lazima umalizie kwa fagio."

Garantii aliinamisha kichwa kama aliyepewa matokeo mabaya.

"Lakini naichukua," Mkunga alisema. "Mume wangu anasukuma, anarudi ndani hajahema. Hiyo inanitosha. Jiko litasubiri."

"Hakuna mahali pengine inapokushinda?"

"Pako mahali pamoja. Ila hapo si kosa la mashine."

Garantii alitaka kuuliza zaidi, akaona uso wa mama yule, akaenda kufunga mzigo.

Kiangazi kiliisha hivyo. Rangi ilirudi midomoni mwa Fundi Saa. Akawa anatoka kibandani, anaingia ndani kwanza, ananywa chai ikiwa bado ya moto, ndipo anatoka na mashine, na jirani mmoja akaja kuiazima, akarudi kuiazima tena. Majani ya mti mkubwa yalizidi kuwa haba. Siku moja Mkunga aliweka mkono chini yake, akakuta nyasi baridi kama za kwingine. Hakumwambia mumewe usiku ule. Alitaka kuhakikisha. Kesho yake zilikuwa baridi tena, na majani yenyewe yalikuwa yametawanyika ovyo, hayana kichwa wala miguu. Ndipo alipomwambia, na Fundi Saa akatoka, akagusa mwenyewe, akakaa pale mpaka giza likamkuta. Usiku huo alikoroma kama mtu aliyetoka safari.

Redio alikuja kuwatembelea Jumapili. Tangu msiba hakuwa amekanyaga nyasi zile. Alizikanyaga, akaelezwa, akagusa, akalia kidogo, akacheka, akala sana, akawapa habari za mji mzima mpaka chai ikapoa. Jua lilipoanza kushuka Fundi Saa alimsindikiza hadi barabarani, na Mkunga akabaki kukusanya vikombe.

Alikuwa na sinia mikononi alipousikia mkwaruzo. Mwembamba, unaokuja na kwenda. Haukutoka mtini. Ulitoka karibu, nyuma ya mlango wa mbele.

Aliliweka sinia mezani. Akasogea dirishani, akachungulia pembeni. Miti ilikuwa karibu uchi, na uwanja mweupe alivyouacha mumewe. Lakini kwenye kizingiti, juu ya ngazi ya saruji ambapo hakuna tawi linalofika, palikuwa na majani. Hayakulala. Yalikuwa yamepanda mlangoni kwa urefu wa mtu aliyeketi, magoti juu, mgongo umeegemea mlango, kichwa kimeinamia upande mmoja. Ni ukaaji wa mtu aliyerudi kwake akakuta pamefungwa, akaamua kungoja.

Barabarani aliisikia sauti ya Redio ikiaga kwa mara ya tatu, na kicheko cha mumewe. Kicheko kile kilikuwa kipya. Hakutaka kikatike.

Alikwenda mlangoni. Alifikiria yule mwanamke na siku yake ile chini ya mti, na umbali kutoka mtini mpaka hapa. Akafungua komeo polepole, ili asimwangushe aliyeegemea. Akauvuta mlango hadi mwisho, akasimama kando, mgongo ukutani, kama unavyompisha mkubwa wako apite.

"Karibu ndani, dada," alisema.

Hapakuwa na upepo. Majani yalivuka kizingiti.